Globu ya Miaka Minane Isiyo na Dhamana

Kuna kauli imezoeleka kwa mafundi umeme, wenye maduka na hata watu waliosoma, kiasi kwamba anayeihoji huonekana mbishi. Inasema hivi: suala la taa za nyumbani limekwisha. Tuliachana na globu za zamani zilizokuwa zikila umeme na kutoa joto, tukaingia kwenye za kuokoa umeme, kwanza zile za mirija iliyojikunja na sasa za LED. Hizi ni salama kwa sababu zinatumia umeme mdogo. Zinadumu, boksi lenyewe linasema miaka. Na ikitokea moja imeungua baada ya miezi michache, kosa ni la mnunuzi aliyekimbilia bei rahisi akauziwa feki, au la TANESCO na umeme wake unaopanda na kushuka. Globu yenyewe haina lawama.

Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, nao lazima usemwe kwanza. Globu ya zamani, ile ya waya wa tungsteni, hugeuza chini ya sehemu 10 katika kila 100 za umeme kuwa mwanga, na zilizobaki zote zinakuwa joto. Yenye wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 yenye mwanga wa kukaribiana na huo hula uniti 1.35. Mwenye taa sita ndani ya nyumba anaiona tofauti hiyo kwenye LUKU yake. Sidai turudi kwenye globu ya zamani, sembuse kibatari.

Ninachokipinga ni kule kuruka kutoka "inaokoa umeme" hadi "ni salama, inadumu na haina gharama nyingine". Hayo ni madai tofauti, na kila moja linapaswa kusimama kwa miguu yake.

1. Miaka ya kwenye boksi haikuhesabiwa nyumbani kwako

Boksi linasema saa 15,000. Kwa taa inayowaka saa 5 kwa siku, hiyo ni miaka 8 na ushei. Saa hizo zimepatikanaje? Kuiwasha globu usiku na mchana bila kuizima hadi saa 15,000 zitimie kunachukua siku 625, na biashara inayoleta toleo jipya kila baada ya muda mfupi haisubiri kiasi hicho. Kwa hiyo chipu ya LED huwashwa maabara kwa saa kama 6,000, hupimwa inavyofifia, kisha hesabu hukadiria saa zinazobaki. Tena katika vipimo hivyo LED huhesabiwa kuwa nzima mpaka mwanga wake ushuke hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo.

Zaidi ya hapo, makadirio hayo ni ya chipu, wala si ya globu nzima. Na chipu mara nyingi sicho kinachokufa. Kinachokufa ni saketi iliyojificha kwenye kitako, ile inayoupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza uwe wa kulisha chipu. Ndani yake kuna kapasita, na kila fundi wa elektroniki anajua kwamba kapasita ya aina hiyo hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Hata globu nzima inapopimwa maabara, kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzi joto 25. Sasa njoo Dar es Salaam mwezi wa Februari, chini ya bati, sebule yenye dari ya jipsamu na taa iliyofunikwa kwa kioo ili ipendeze. Nyuzi 25 ni shida kupatikana hata usiku wa manane, na joto la globu yenyewe halina pa kutokea. Ongeza umeme unaozorota jioni mtaa mzima unapowasha majiko na feni, kisha unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Globu inapoungua hapo haijafanya ajabu yoyote. Imefanya kile ambacho kipimo chake hakikutaka kukijua.

Za mirija nazo zina hesabu yake. Saa 8,000 kwenye boksi maana yake ni kwamba zilipofika saa hizo, nusu ya globu zilizokuwa zikijaribiwa zilikuwa zimekufa. Nusu nzima! Na jaribio lenyewe huziwasha kwa saa 2 na dakika 45, huzizima dakika 15, kisha huziwasha tena. Taa ya chooni au ya stoo huwashwa dakika tatu na kuzimwa, mara nyingi kwa siku, na kila kuwashwa kunazila elektrodi zilizo kwenye ncha za mrija. Ule weusi unaouona kwenye ncha ndio alama ya kuliwa huko. Mwenye nyumba anaambiwa azime taa asiyoitumia ili aokoe umeme, halafu anauziwa globu ambayo kuzimwa na kuwashwa ndiko kunakoiua.

Na anayedhani kwamba umri wa globu ni jambo la maumbile akumbuke mwaka 1924, kampuni kubwa za globu duniani, zikiwemo Osram na Philips, zilipokutana Geneva na kuunda umoja uliojulikana kama Phoebus. Zilikubaliana globu isidumu zaidi ya saa 1,000, na mwanachama ambaye globu zake zilipita kiwango hicho alitozwa faini. Mpango huo ulidumu hadi vita vya 1939. Wenye viwanda waliweza kutengeneza globu ya kudumu zaidi, wakaamua wasitengeneze. Tangu hapo hakuna sababu ya kuipokea namba ya kwenye boksi kwa imani tupu.

2. "Umeuziwa feki"

Hii ndiyo hoja inayofunga kila mjadala, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Globu feki zipo, tena nyingi. Lakini itazame hoja inavyofanya kazi. Globu ikidumu, sifa ni ya teknolojia. Ikiungua mapema, ilikuwa feki. Kwa mtindo huo hakuna globu inayoweza kuthibitika kuwa mbovu, kwa sababu kuungua kwenyewe kunageuzwa kuwa ushahidi kwamba haikuwa globu ya kweli.

Mnunuzi ataijuaje feki? Boksi zuri linachapwa na yeyote mwenye mashine. Bei kubwa haisemi kitu, kwa maana mwenye bidhaa feki anajua kupandisha bei. Uzito, rangi ya kitako, maandishi yaliyonyooka: hizo ni ramli. Kinachobaki ni kile kifanyikacho kila siku kwenye maduka ya Kariakoo na ya mitaani, muuzaji kuichomeka globu kwenye holda iliyo juu ya kaunta, ikawaka, wote wawili wakaridhika. Jaribio hilo linathibitisha kwamba globu imewaka kwa sekunde tatu. Mnunuzi alilipia miaka.

Kisha juu ya kaunta hiyohiyo, au kwenye risiti, yapo maneno tunayoyafahamu: mali ikishauzwa hairudishwi. Hapa ndipo kauli yote inapojikana yenyewe. Bidhaa inanadiwa kuwa ya miaka minane, na anayeinadi hayuko tayari kuijibia hata kwa siku nane. Wapo wachache wanaotoa dhamana ya mwaka mmoja, na wanaostahili fedha yako ni hao. Wengine wote wanakuuzia saa 15,000 ambazo hawaziamini wao wenyewe, halafu taa ikizimika wanakuita mpenda rahisi. Mzigo wa kutambua ubora umetolewa kwa kiwanda, kwa mwagizaji, kwa mkaguzi wa mpakani na kwa muuzaji, ukatupwa kwa mama aliyetumwa dukani saa moja jioni nyumba ikiwa gizani.

3. Wati chache si usalama

Fikra kwamba globu hizi haziwezi kudhuru kwa kuwa zinatumia umeme mdogo imeenea hadi kwa watu wanaojiita mafundi. Wati 9 zinaeleza globu inakula kiasi gani. Umeme unaofika kwenye holda ni volti 230 zilezile zilizokuwa zikifika kwa globu ya wati 100, na unaua vilevile.

LED nyingi za bei ya chini zina saketi isiyotenganisha umeme wa nyumba na sahani inayobeba chipu. Kinachomkinga mtu ni kile kifuniko cheupe cha plastiki. Kikibanduka, na hubanduka, unabaki na kitu chenye umeme wa ukutani kinachoning'inia juu ya kitanda. Imekuwa desturi pia, chipu moja ikiungua na kuzizima nyingine, kuifungua globu na kuziba pengo kwa tone la risasi. Inawaka, na mwenye nyumba anashukuru. Chipu zilizobaki sasa zinabeba mzigo uliozidi, zinachemka, na kifuniko kimekwisha kulegezwa.

Jambo lingine linapuuzwa. Wapo wanaoona taa ya LED ikiwaka kwa mbali sana usiku ilhali swichi imezimwa. Huambiwa ni tabia ya globu hizo. Mara nyingine ni umeme mdogo unaovuja tu kati ya nyaya zilizolala pamoja. Mara nyingine ni fundi aliyeifunga swichi kwenye nyutro badala ya waya wenye moto, na maana yake ni kwamba holda ina umeme muda wote, swichi ikiwa juu au chini. Anayepanda kwenye kiti kubadili globu akiamini amezima, hajazima chochote. Globu ya zamani isingekuonyesha kosa hilo, ya LED inakuonyesha, na sisi tumefundishwa kulidharau onyo lenyewe. Nyumba yako ikiwa na taa ya namna hiyo, usiiguse holda kabla ya kuzima swichi kuu, na umwite fundi apime.

Globu ya mrija nayo inapofika mwisho wa umri, elektrodi zikiwa zimeliwa, saketi inaweza kuendelea kulazimisha umeme upite hadi kitako kibabuke na kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Iliyotengenezwa kwa uangalifu ina plastiki isiyoshika moto na kinga ya kuikata saketi. Vitu hivyo viwili huongeza gharama, kwa hiyo ndivyo vinavyopunguzwa kwanza na anayetaka kuuza kwa bei ya kutupa. Na mwaka 2008 wakala wa kulinda afya wa Uingereza alishauri watu wasikae karibu na globu za mirija iliyo wazi kwa chini ya sentimita 30 zaidi ya saa moja kwa siku, kwa sababu ya mionzi ya urujuanimno. Mwanafunzi anayesoma chini ya taa ya mezani yuko ndani ya umbali huo.

4. Zebaki

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Globu za mirija, pamoja na zile ndefu tuziitazo tyubu laiti, haziwezi kutoa mwanga bila zebaki. Katika moja ya kawaida ya nyumbani mna takriban miligramu 5 au chini ya hapo. Watetezi hujibu upesi kwamba hiyo ni kidogo mno, kwamba kipimajoto cha zamani cha hospitali kilikuwa na kama miligramu 500. Ni kweli, na globu moja ikipasuka chumbani haiui mtu. Lakini angalia ushauri ambao mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imewapa wananchi wake kwa ajili ya hicho kidogo. Watu na wanyama watoke chumbani. Dirisha lifunguliwe, hewa ipite dakika 5 hadi 10. Vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, unga ukusanywe kwa utepe wa gundi, vyote vitiwe kwenye chupa yenye kifuniko na kutolewa nje. Mashine ya kufyonza vumbi isitumike, maana inaitawanya zebaki.

Nani mtaani kwako ameambiwa hata moja kati ya hayo? Kwetu globu ikipasuka linakuja fagio la chelewa, linaurusha ule unga hewani, vipande vinatiwa kwenye kiroba, na mtoto anatumwa akavimwage. Zebaki hugeuka mvuke kwenye joto la kawaida la chumba, haihitaji moto. Serikali imehangaika kwa miaka na zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita hadi Chunya, na ni haki ihangaike. Mama wa Mbagala hajaambiwa kitu, ilhali sumu ni ileile na imeletwa hadi chumbani kwake.

Watetezi wana hoja ya pili, yenye sura ya kisayansi. Wanasema mitambo ya makaa ya mawe hutoa zebaki hewani, kwa hiyo globu inayopunguza matumizi ya umeme inazuia zebaki nyingi kuliko iliyobeba ndani yake. Kwa Marekani ya makaa ya mawe hoja hiyo ina uzito. Kwetu haina hata chembe. Umeme wa gridi ya Tanzania unatokana zaidi na maji, kuanzia Kidatu na Mtera hadi bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Kenya inategemea sana mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Hakuna moshi wa makaa wa kufidia. Kila miligramu ya zebaki iliyoingia humu ndani ya globu ni nyongeza tupu kwa nchi, na kuna watu wameirudia hoja ya Wamarekani bila kujiuliza umeme wao unatoka wapi.

Zikifa zinakwenda wapi? Ulaya, sheria inawataka watengenezaji wagharimie ukusanyaji, na wateja wana mahali pa kuzirudisha. Za Dar es Salaam zinakwenda Pugu Kinyamwezi, za Nairobi zinakwenda Dandora, pamoja na maganda na nepi, mahali ambapo watu wanaokota chupa kwa mikono mitupu na taka huwaka moto. Mwaka 2007 Ghana iligawa globu za mirija milioni 6, na mwaka huohuo Uganda nayo ikagawa kwa mamia ya maelfu, ili kupunguza mahitaji ya umeme ya saa za jioni. Megawati zilizookolewa ziliandikwa kwenye ripoti. Globu zile umri wake umekwisha zamani.

Na wenzetu wamefanya nini? Umoja wa Ulaya ulikomesha kuingizwa sokoni kwake globu za mirija iliyojikunja tarehe 24 Februari 2023, na tyubu nyingi ndefu za kawaida tarehe 24 Agosti mwaka huohuo. Afrika haikulala. Ni nchi za bara hili zilizopeleka kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, pendekezo la kuziondoa taa za zebaki sokoni, na mkutano wa Bali wa Machi 2022 ukaamua kwamba zile za kawaida za nyumbani zikome mwisho wa 2025. Mkutano wa Geneva wa 2023 ukaweka ukomo wa tyubu, ambao haupiti 2027. Serikali zetu zenyewe zimekubali mbele ya dunia kwamba taa hizi hazifai kuendelea. Mwenye duka anayeendelea kumwambia mteja kwamba hazina shida anabishana na sahihi ya nchi yake.

5. Akiba imo mfukoni mwa nani?

Turudi kwenye uniti 7.65 zinazookolewa kwa mwezi kwa kila globu. Mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amekuwa akilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kwake akiba hiyo ni shilingi 765. Anayelipa shilingi 292 kwa uniti anaokoa 2,234. Tuseme globu inauzwa 3,000. Ikiungua mwisho wa mwezi wa tatu, mwenye nyumba kubwa ameokoa karibu 6,700 na bado ana faida. Mpangaji wa chumba kimoja ameokoa 2,295, kwa hiyo amepata hasara. Globu isiyodumu haiwaumizi wote sawa. Inamtafuna yule ambaye kampeni zote za kuokoa umeme husema zimeanzishwa kwa ajili yake.

Hata shirika la umeme halipati yote inayodhaniwa. LED za bei ya chini huvuta mkondo mkubwa kuliko wati zake zinavyoonyesha, hata karibu mara mbili. Mita ya nyumbani haiutozi mkondo huo wa ziada. Nyaya na transfoma za mtaa zinaubeba.

Yote haya yana dawa, na haihitaji utafiti mpya. Shirika la viwango, TBS, na wenzao wa nchi jirani wanaweza kutaka globu ijaribiwe nzima, si chipu peke yake, kwenye joto la pwani na umeme unaoyumba kama wetu. Wanaweza kuzuia boksi lisitaje miaka ambayo hakuna dhamana inayoilinda. Baraza la mazingira, NEMC, linaweza kuwataka waagizaji walioingiza taa za zebaki wagharimie kuzikusanya, na jambo hilo lina haraka, kwa sababu Mkataba wa Minamata unakataza kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje, ila haukatazi kuuza zilizokwisha kuingia nchini. Zilizobaki rafuni na maghalani zitauzwa, tena kwa bei ya kuondoa mali, na wanunuzi watakuwa watu wa kipato cha chini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, globu ya mrija usiinunue hata ukipewa kwa nusu bei. Uliyonayo ikifa usiivunje, irudishe ndani ya boksi na uiweke mbali na watoto. Ukinunua LED, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti tarehe na miezi ya dhamana, kisha risiti uitunze. Akikataa, nenda duka la pili.